Mwongozo kamili wa kuichambua namba kubwa: 143,920, hesabu ya watu wa Lamu

Sensa ya Agosti 2019 iliihesabu Kaunti ya Lamu kuwa na watu 143,920: wanaume 76,103, wanawake 67,813, na watu 4 wa jinsia mbili. Hakuna kaunti Kenya yenye watu wachache kuliko yetu, na kila namba hiyo inapotajwa barazani, mazungumzo huishia kwenye mgao wa pesa. Mimi nafundisha hesabu jioni hapa Langoni, na naipenda kwa sababu nyingine. Ni kubwa kiasi cha kumshughulisha mwanafunzi, ni ndogo kiasi cha kumalizwa kwa kalamu, na ndani yake mna namba mbili zinazogombana: moja inaipamba, nyingine inaiharibia. Tutazifikia.

Utahitaji karatasi ya miraba, kalamu, na simu ya kuhakikishia tu. Ukianza na simu utapata jibu bila kujua lilivyopatikana, na siku ukipewa namba nyingine utarudi pale pale.

Istilahi tatu zinatosha. Kigawo ni namba inayoigawa nyingine bila kuacha baki. Namba tasa ni ile inayozidi 1 na isiyo na kigawo ila 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Kipeo ni ile namba ndogo ya juu: 2⁴ ni 2 × 2 × 2 × 2, yaani 16.

Hatua ya 1: Soma tarakimu kabla hujagawanya

Tarakimu ya mwisho ni 0, kwa hiyo 2 na 5 zimo. Kwa 4 tazama tarakimu mbili za mwisho, kwa 8 tazama tatu, kwa 16 tazama nne. Sababu ni kwamba 100 inagawika kwa 4, 1,000 kwa 8, na 10,000 kwa 16, kwa hiyo zinazotangulia hazibadilishi kitu. Hapa 20 inagawika kwa 4. 920 inagawika kwa 8, mara 115. 3,920 inagawika kwa 16, mara 245. Kwa 32 chukua tarakimu tano: 43,920 inatoa 1,372 na baki 16. Basi 16 imo, 32 haimo.

Jumlisha tarakimu: 1 + 4 + 3 + 9 + 2 + 0 = 19, tena 1 + 9 = 10, tena 1. Hiyo 1 ndiyo baki ukigawanya kwa 9, na kwa 3 pia. Ukishaiondoa 3 umeondoa 6, 9, 12, 15 na wenzao wote kwa mkupuo.

Sasa mbinu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo wanafunzi wengi wanafika kidato cha nne hawajaionja. Kata namba katika makundi ya tarakimu tatu kuanzia kulia: 920, kisha 143. Toa: 920 − 143 = 777. Hii 777 inaacha baki sawasawa na 143,920 ukigawanya kwa 7, kwa 11 au kwa 13. Kwa nini? Kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1,001. Namba yetu ni 143 × 1,000 + 920, ambayo ni sawa na 143 × 1,001 + 777. Kipande cha kwanza kinagawika kwa zote tatu bila taabu, kwa hiyo neno lote linabaki kwa 777.

Na 777 ni 7 × 111, kwa hiyo 7 imo. Kwa 11 inabaki 7, kwa 13 inabaki 10, kwa hiyo hizo mbili hazimo. Umetoa mara moja, umepata majibu matatu.

Hatua ya 2: Ivunje mpaka igome

Andika hivi, mstari chini ya mstari, kila mara ukigawanya kwa namba tasa ndogo inayokubali:

143,920 ÷ 2 = 71,960
71,960 ÷ 2 = 35,980
35,980 ÷ 2 = 17,990
17,990 ÷ 2 = 8,995
8,995 ÷ 5 = 1,799
1,799 ÷ 7 = 257

Hapo inagoma. Jaribu 257 kwa 2, 3 na 5: hapana. Kwa 7 inabaki 5, kwa 11 inabaki 4, kwa 13 inabaki 10. Namba tasa inayofuata ni 17, nawe usiiguse, kwa maana 17 × 17 ni 289 na imeshaipita 257. Kama 257 ingekuwa na kigawo cha 17 au zaidi, mwenzake wa kuzidishwa naye angekuwa chini ya 17, na huyo tumemtafuta tukamkosa. Basi 257 ni tasa, na kazi imekwisha:

143,920 = 2⁴ × 5 × 7 × 257

Mstari huo ndio wa kuuzungushia duara. Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliandika mwaka 1801 uthibitisho kwamba kila namba nzima inayozidi 1 inavunjika kwa namba tasa kwa njia moja tu, ukiacha mpangilio. Kwa mwanafunzi maana yake ni hii: wawili wakivunja namba moja wakapata vipande tofauti, mmoja wao kakosea, na dawa ni kuzidisha upya kurudi juu. Kuanzia hapa hatutaigawa tena 143,920 kwa kuitafutia vigawo. Vigawo vyote tunavisoma kwenye mstari ule.

Hatua ya 3: Hesabu vigawo vyake vyote

Kila kigawo hutengenezwa kwa kuchagua: uchukue 2 ngapi (hakuna, moja, mbili, tatu au nne, yaani njia 5), uchukue 5 au uiache (njia 2), 7 au uiache (njia 2), 257 au uiache (njia 2). Zidisha: 5 × 2 × 2 × 2 = 40. Vigawo ni 40, wala si lazima uvione ndipo uvihesabu.

Lakini viorodheshe, kwa sababu orodha yenyewe ina sura. Visivyo na 257 ni hivi ishirini:

1, 2, 4, 5, 7, 8, 10, 14, 16, 20, 28, 35, 40, 56, 70, 80, 112, 140, 280, 560

Vilivyobaki ni hivyo hivyo, kila kimoja mara 257: 257, 514, 1,028, 1,285, 1,799 na kuendelea hadi 143,920 yenyewe. Tazama palivyo na pengo. Kipeuo cha pili cha namba yetu kiko kati ya 379 na 380 (379² ni 143,641; 380² ni 144,400), na kuzunguka hapo hakuna kigawo hata kimoja kuanzia 281 hadi 513. Kwa hiyo ukitaka kuwapanga watu wote wa kaunti, kuanzia Kiunga hadi Witu, katika mstatili ulio karibu kabisa na mraba, utapata safu 280 za watu 514, wala hutapata zaidi ya hapo.

Hatua ya 4: Jumla ya vigawo

Usijumlishe 40 kimoja kimoja. Kila namba tasa ina mabano yake:

(1 + 2 + 4 + 8 + 16) × (1 + 5) × (1 + 7) × (1 + 257)

yaani 31 × 6 × 8 × 258 = 383,904. Ukifungua mabano hayo pole pole utaona kila kigawo kinatokea mara moja na hakuna kinachorudiwa. Ondoa namba yenyewe: 383,904 − 143,920 = 239,984.

Wagiriki wa kale waliita namba kamilifu ile ambayo vigawo vyake vidogo vinajumlika kuwa yenyewe, kama 6 (1 + 2 + 3) na 28. Yetu imepita mbali, ni namba iliyozidi. Hilo ungelijua bila hesabu yote hii: 20 imo ndani yake, na 20 tayari imezidi, kwa maana 1 + 2 + 4 + 5 + 10 ni 22. Kila namba inayogawika kwa 20 huirithi hali hiyo.

Hatua ya 5: Ni namba ngapi zisizogongana nayo?

Swali ni hili: kati ya 1 na 143,920, ngapi hazina kigawo cha pamoja nayo ila 1? Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, ndiye aliyeipa hesabu hii njia. Kwa kalamu ni kuchuja mara nne.

Ondoa shufwa zote: zinabaki 71,960.
Kati ya hizo ondoa zinazogawika kwa 5, moja katika kila tano: 57,568.
Ondoa za 7, moja katika kila saba: 49,344.
Ondoa za 257, moja katika kila 257: 49,152.

Jibu ni 49,152. Livunje nalo utaona ni 3 × 2¹⁴. Zote ni 2, isipokuwa 3 moja iliyoingia kama mgeni asiyealikwa. Ile 3 imeletwa na 7, kwa sababu 7 − 1 = 6. Namba tasa nyingine zote humu, ukizipunguza 1, zinaacha 2 tupu: 5 − 1 ni 4, na 257 − 1 ni 256, yaani 2⁸. Liweke hilo akilini.

Kwa kupita tu: ukigawanya 1 kwa 143,920, tarakimu nne za mwanzo baada ya nukta hazirudiwi (hizo zinatoka kwa 2⁴), kisha kinaanza kifungu cha tarakimu 768 kinachojirudia milele. 7 peke yake ina mzunguko wa 6, ile 0.142857 maarufu, 257 ina mzunguko wa 256, na kigawe kidogo cha shirika cha 6 na 256 ni 768. Sipendekezi uiandike yote.

Hatua ya 6: Kaa na 257

Hapa ndipo namba ya Lamu inapotofautiana na namba yoyote ya kuokota njiani. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, alizitazama namba hizi: 3, 5, 17, 257, 65,537. Kila moja ni 2 yenye kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, ukaongeza 1. Zote tano ni tasa. Fermat aliamini mlolongo utaendelea hivyo bila mwisho. Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba inayofuata, 4,294,967,297, inagawika kwa 641. Tangu hapo hakuna aliyepata ya sita. Kati ya namba tasa zote zisizo na mwisho, za namna hii tunazijua tano tu, na mbili kati yake, 5 na 257, zimo ndani ya hesabu ya watu wa Lamu.

Zina faida gani? Chukua bikari na rula isiyo na alama. Fundi wa kuchonga milango hapa mjini anajua kwamba ukichora duara, ukaacha bikari na upana ule ule ukatembea nayo juu ya duara, inafika ilipoanza baada ya hatua sita, na ua la majani sita liko tayari. Sehemu tano zinataka ujanja zaidi lakini zinawezekana. Saba haziwezekani, hata ukeshe. Gauss, akiwa na miaka 18, alionyesha mwaka 1796 kwamba 17 zinawezekana, kisha akatoa kanuni: idadi ya pande iwe ni namba za Fermat zilizo tasa, kila moja mara moja tu, ukizidisha kwa 2 ngapi upendazo. Mwaka 1837 Pierre Wantzel alithibitisha kwamba nje ya kanuni hiyo hakuna njia. Friedrich Julius Richelot alikwisha kuandika, mwaka 1832, namna ya kuchora umbo la pande 257. Ukilichora katika duara lenye nusu kipenyo cha mita 1, kila upande una urefu wa milimita 24 na nusu hivi, na katikati ya upande umbo linaachana na duara kwa chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Patasi haioni tofauti hiyo.

Sasa jaribu umbo la pande 143,920. Kuna 2⁴, nzuri. Kuna 5 na 257, nzuri. Kuna 7, basi haliwezekani. Ondoa 7 na utabaki na 20,560, nalo linachorika kwa bikari na rula, angalau kwa nadharia. Ile 3 ya hatua ya tano ilikuwa inatuonya mapema.

Bado 257 ina zawadi nyingine, nayo utaiona kwa kuhesabu kwa 16 badala ya kwa 10, kama kompyuta zinavyoandikiwa. Njia ni kugawanya kwa 16 tena na tena ukiweka mabaki pembeni:

143,920 ÷ 16 = 8,995, baki 0
8,995 ÷ 16 = 562, baki 3
562 ÷ 16 = 35, baki 2
35 ÷ 16 = 2, baki 3
2 ÷ 16 = 0, baki 2

Soma mabaki kutoka chini kwenda juu: 23230. Yaani 23, tena 23, kisha 0. Mwanafunzi akiona hivyo kwa mara ya kwanza hudhani umeipika. Hakuna kilichopikwa: 257 ni 16² + 1, kwa hiyo katika kizio cha 16 huandikwa 101. Kuzidisha kwa 101 kunainakili namba na kuisogeza nafasi mbili, kama vile katika kizio chetu cha kawaida 23 × 101 ni 2,323. Gawanya namba yetu kwa 257 inabaki 560, ambayo kwa kizio cha 16 ni 230. Weka 230, weka nyingine nafasi mbili kushoto, jumlisha: 23230.

Hatua ya 7: Miraba

Mraba hapa ni namba iliyozidishwa kwa yenyewe, kama 3² = 9. Je, 143,920 ni jumla ya miraba miwili? Kanuni aliyoitaja Fermat na kuthibitishwa na Euler inasema: tazama kila namba tasa inayoacha baki 3 ukigawanya kwa 4, na kila moja lazima itokee mara shufwa. Yetu ina 7, inaacha baki 3, na imetokea mara moja. Haiwezekani. Ile 7 imeharibu tena. Bila 7 mambo yanakaa sawa: 20,560 = 132² + 56².

Kwa miraba mitatu inawezekana. Gawanya kwanza kwa 16, kwa sababu ni 4² na tutairudisha baadaye. Inabaki 8,995, ambayo ukiigawanya kwa 8 inaacha baki 3. Mraba wa namba witiri daima huacha baki 1 kwa 8, kwa hiyo tafuta witiri tatu. Anza na kubwa iwezekanayo: 93² = 8,649. Inabaki 346, nayo ni 225 + 121, yaani 15² + 11². Rudisha 4 kwa kila moja:

143,920 = 372² + 60² + 44²

Simu yako itakubali. Kwa namba nyingine huenda ukajaribu witiri kadhaa za juu kabla hujapata. Hii imekuwa pole.

Tofauti ya miraba miwili ni rahisi zaidi. Chukua jozi ya vigawo vyote viwili shufwa, kwa mfano 280 na 514. Wastani wao ni 397, na nusu ya tofauti yao ni 117. Basi 397² − 117² = 157,609 − 13,689 = 143,920. Jozi za namna hiyo ziko 12, nawe unaweza kuzitoa zote kwenye orodha ya hatua ya tatu.

Hatua ya 8: Pembetatu

Watoto wadogo naanza nao kwa korosho juu ya mkeka: moja juu, mbili chini yake, tatu, nne. Jumla zinazopatikana, 1, 3, 6, 10, 15, ni namba za pembetatu. Ukitaka kujua kama namba kubwa ni mojawapo huhitaji gunia la korosho. Zidisha kwa 8, ongeza 1. Ikiwa ni mraba kamili, ni ya pembetatu.

8 × 143,920 + 1 = 1,151,361. Mraba wa karibu kwa chini ni 1,073² = 1,151,329. Imezidi 32, kwa hiyo si ya pembetatu. Lakini usiondoke. Gawanya hiyo 32 kwa 8 upate 4. Ina maana kwamba 143,920 ukiipunguza 4 ni ya pembetatu kamili, yenye safu (1,073 − 1) ÷ 2 = 536. Hakikisha: 536 × 537 ÷ 2 = 143,916.

Sasa rudi kwenye mistari ya sensa. Wanaume 76,103 na wanawake 67,813 wanafanya 143,916. Wale watu 4 ambao sensa ya 2019 iliwaandika kwa jinsia yao, kwa mara ya kwanza katika sensa za Kenya, ndio wanaoitoa jumla nje ya pembetatu.

Usiifanyie ramli. Karibu na ukubwa huu namba za pembetatu zinaachana kwa nafasi 536 hivi, kwa hiyo kuiangukia moja ni bahati ya moja katika mia tano na kitu. Sadfa za namna hiyo hutokea, na atakayekuuzia maana yake anakuuzia hewa. Ila nakiri ni sadfa tamu. Ukipenda kuendelea, 76,103 ni tasa na 67,813 ni 17 × 3,989. Na 17 unakumbuka ni ya ukoo gani.

Hatua ya 9: Isome kinyumenyume

Kwa kawaida kugeuza tarakimu ni mchezo usio na hesabu ndani yake, nami huuruka. Safari hii siuruki. 143,920 kinyume chake ni 029341, na sifuri ya mbele haihesabiki, kwa hiyo ni 29,341.

Kuna kipimo cha Fermat cha kutafuta namba tasa. Chukua namba tasa, sema 7, na namba nyingine isiyogawika kwa 7, sema 2. Ipe 2 kipeo cha 7 − 1: 2⁶ = 64, na 64 kwa 7 inaacha baki 1. Jaribu 3: 3⁶ = 729, baki 1 tena. Kwa namba tasa ni lazima iwe 1. Kwa hiyo ukishuku namba ni tasa, ifanyie hivyo. Ikikupa baki nyingine, si tasa.

Tatizo ni namba chache zinazodanganya. 29,341 inatoa baki 1 kwa kila namba unayoijaribia, mradi isiwe na kigawo cha pamoja nayo, kana kwamba ni tasa. Na si tasa. Ikate: 29 na 341. Toa: 312. Hiyo ni 13 × 24. Mbinu ya 1,001 ya hatua ya kwanza imeikamata hapo hapo. Endelea: 29,341 ÷ 13 = 2,257, na 2,257 = 37 × 61.

Sababu ya udanganyifu wake iko katika 29,340. Inagawika kwa 12, kwa 36 na kwa 60, yaani kila kipande kikipunguzwa 1. Kwa hiyo kipimo kinapita kwa 13, kinapita kwa 37, kinapita kwa 61, na hivyo kinapita kwa zote tatu zikizidishwa. Namba hizi zinaitwa za Carmichael, kwa jina la Robert Carmichael aliyeandika juu yake mwaka 1910. Ndogo kabisa ni 561. Chini ya 100,000 ziko 16 tu, nayo 29,341 ni ya kumi. Mwaka 1994 Alford, Granville na Pomerance walithibitisha kwamba hazina mwisho. Ndiyo maana kompyuta zinapotafuta namba tasa za kufungia siri hazitegemei kipimo cha Fermat peke yake, bali hutumia kilichokazwa zaidi, cha Miller na Rabin.

Ukitaka yako mwenyewe

Walioko Malindi wanayo namba yao, ya Kaunti ya Kilifi katika sensa hiyo hiyo: 1,453,787. Haitakuwa pole kama ya Lamu. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Tarakimu zake zinajumlika kuwa 35, kwa hiyo 3 haimo. Kwa mbinu ya 1,001 ina makundi matatu, na alama zinapishana: 787 − 453 + 1 = 335. Kwa 7 inabaki 6, kwa 11 inabaki 5, kwa 13 inabaki 10. Kipeuo chake cha pili ni 1,205 na kitu, na namba tasa hadi hapo ni karibu mia mbili. Anzia 17, nayo inaacha baki 15. 19 inaacha 2. 23 inaacha 3. Ya kufuata ni 29.